Valvu Moja Inapoficha Ubaya wa Nyingine

Kwa vijana wengi wa Kongo wenye valvu mbovu za moyo, ugonjwa ulianzia kooni. Mtoto aliumwa koo, hakupata penisilini, kinga ya mwili ikageuka na kushambulia moyo. Hali hiyo huitwa homa ya rumatiki, na ikirudi mara kwa mara, haiishii kwenye valvu moja. Utafiti wa REMEDY, uliosajili wagonjwa 3,343 Afrika, India na Yemen, uliwakuta karibu 64 kati ya kila 100 wana valvu zaidi ya moja zilizoharibika. Nusu ya wagonjwa wote walikuwa na miaka 28 au pungufu.

Hapo ndipo upasuaji unapokuwa mgumu. Valvu ya mitrali ikiwa finyu, damu kidogo tu hufika chumba cha chini kushoto, na inayosukumwa kupitia valvu ya aota huwa kidogo vilevile. Kipimo cha eko, yaani ultrasound ya moyo, kitaonyesha tofauti ndogo ya shinikizo kwenye aota, na daktari mwenye haraka ataandika kwamba ufinyu wake si mkubwa. Mitrali ikifunguliwa, damu inaongezeka, na aota iliyosahaulika inaonyesha ubaya wake wote. Ndiyo maana mpimaji makini hukadiria pia upana wa tundu lenyewe.

Valvu ya trikaspidi, iliyo upande wa kulia wa moyo, mara nyingi imetanuka tu kwa kulemewa na shinikizo la mapafuni. Zamani iliachwa, kwa imani kwamba mitrali ikitengenezwa nayo itapona. Baadhi ya wagonjwa walirudi miaka mingi baadaye miguu imevimba, na kupasua mara ya pili ni hatari zaidi. Siku hizi, kifua kikiwa kimeshafunguliwa, hukazwa kwa nyuzi au pete.

Mgonjwa wa Lubumbashi anaweza kupelekwa Afrika Kusini, India au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, lakini atakuja kuishi nyumbani. Valvu ngumu za bandia zitamdai warfarini maisha yake yote, dawa ya kuzuia damu kuganda inayoweza kumdhuru mtoto tumboni. Zinazotokana na wanyama huchakaa mapema kwa kijana. Kwa hiyo barua ya rufaa ieleze hali ya kila valvu, iseme kama mgonjwa anataka kuzaa, na kama huko mtaani Katuba au Kamalondo anakoishi atapata kila mwezi kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Asipokipata, daktari ana sababu nzito ya kukarabati valvu zake mwenyewe kadiri inavyowezekana.

Sindano ya penisilini nayo huendelea kila wiki 3 au 4 hata baada ya upasuaji, maana homa ikirudi itavamia valvu zilizobaki.