Madison: Majani yanapopukutika, wakazi huenda kuvuna mbegu za mbuga iliyokwisha kupotea

Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi mwanzoni mwa Novemba, miti ya jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, hubadili sura. Majani yaliyokuwa ya kijani huwa ya manjano, ya rangi ya chungwa na mekundu, kisha hupukutika. Katika bustani ya miti ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, watu wengi hufika wakati huo ili kuzitazama rangi hizo. Wapo pia wanaofika wakiwa na ndoo, mikasi na misumeno. Hao huja kuvuna mbegu na kufyeka vichaka, na bila kazi yao sehemu mashuhuri kuliko zote ya bustani hiyo ingemezwa na vichaka.

Bustani hiyo, ambayo wataalamu huiita arboretamu, ina ukubwa wa takribani hekta 485. Sehemu yake kubwa iko kando ya Ziwa Wingra, na ilizinduliwa rasmi tarehe 17 Juni 1934. Kwa kawaida arboretamu ni mahali ambapo miti ya aina nyingi hukusanywa, hupandwa kwa mpangilio na kuandikiwa majina ili wanafunzi na wageni waifahamu. Madison nayo ina sehemu ya namna hiyo, iitwayo bustani ya Longenecker, yenye miti na vichaka vya maua kutoka nchi mbalimbali. Hata hivyo, waasisi wake walikuwa na azma nyingine, ambayo wakati huo ilikuwa ngeni: kuchukua mashamba yaliyochoka na kuyarudisha katika hali ambayo ardhi ilikuwa nayo kabla ya kuguswa na plau.

Ardhi iliyobadilishwa katika muda mfupi

Eneo la Madison na maziwa yake ni ardhi ya asili ya watu wa Ho-Chunk, ambao huliita Teejop. Vilima vya udongo vilivyojengwa na wazee wa kale, baadhi vikiwa na maumbo ya wanyama, vingali vinaonekana ndani ya bustani. Mwaka 1832, kwa mkataba uliotiwa saini chini ya shinikizo la serikali ya Marekani, watu hao walipoteza ardhi hiyo, na baada yao wakaja walowezi wenye asili ya Ulaya.

Walowezi hao walikuta mbuga pana za nyasi na maua, zenye miti ya mialoni iliyotawanyika huku na huko. Baadhi ya nyasi hizo hurefuka kupita kimo cha mtu, na mizizi yake huzama mita mbili hata tatu ardhini. Mizizi hiyo, kwa kufa na kuota upya kwa maelfu ya miaka, ilikuwa imetengeneza udongo mweusi wenye rutuba nyingi. Rutuba hiyo ndiyo iliyoziponza mbuga. Plau zilipindua udongo, ngano na mahindi yakachukua nafasi ya nyasi, na leo kilichosalia cha mbuga za asili za Wisconsin hakifiki hata asilimia moja ya zilivyokuwa.

Mwaka bustani ilipozinduliwa, madhara ya kilimo cha namna hiyo yalikuwa yakionekana wazi. Dhoruba za vumbi zilikuwa zikiikumba mikoa ya kati ya Marekani, na udongo wa mashamba ulikuwa ukipeperushwa na upepo. Aldo Leopold, profesa wa chuo hicho aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa utafiti wa bustani, aliona kwamba haitoshi kulinda kile kilichobaki; ilibidi pia kujifunza namna ya kukirejesha kilichoharibiwa.

Nguvu kazi ilipatikana kutokana na dhiki ya uchumi ya miaka ile. Serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilikuwa na mpango wa kuwaajiri vijana wasio na kazi katika shughuli za kuhifadhi ardhi, na kambi yao moja ilikuwa ndani ya bustani hiyo kuanzia mwaka 1935 hadi 1941. Wakiongozwa na mtaalamu wa mimea Theodore Sperry, vijana hao waliotesha na kupandikiza mimea ya mbugani, mingine ikiwa imeng'olewa pamoja na udongo wake kutoka vipande vichache vilivyokuwa vimesalia kwingineko. Matokeo ya kazi yao ni mbuga ya Curtis, yenye ukubwa wa takribani hekta 30, inayotambuliwa kuwa mbuga kongwe kuliko zote duniani zilizorejeshwa kwa mikono ya binadamu kwa kufuata elimu ya ikolojia.

Moto uliofundisha

Mwanzoni kazi hiyo ilikumbwa na tatizo. Nyasi za kigeni, zilizoletwa na walowezi kwa ajili ya malisho, zilikuwa zikiisonga mimea ya asili. Katika miaka ya 1940 mwanasayansi John Curtis, ambaye mbuga hiyo ilipewa jina lake, alifanya majaribio ya kuchoma vipande vya mbuga kwa moto uliodhibitiwa. Ikabainika kwamba mimea ya asili, ambayo uhai wake umejificha mizizini, huchipua kwa nguvu baada ya moto, ilhali nyasi za kigeni na miche ya vichaka hudhoofika.

Jambo hilo halitawashangaza wafugaji wa Afrika Mashariki, ambao tangu enzi za mababu huchoma nyasi kavu ili malisho mapya yaote na vichaka visitawale. Nao Ho-Chunk na majirani zao walikuwa wakiuwasha moto mbugani kwa makusudi. Mbuga ambayo walowezi waliidhania kuwa pori tupu ilikuwa, kwa sehemu, kazi ya watu.

Kwa nini kazi hufanyika majani yanapopukutika

Hapo ndipo majira haya yanapopata uzito wake. Mchana unapofupika na baridi kuanza, mti huacha kutengeneza klorofili, yaani kile kinacholipa jani rangi ya kijani. Rangi ya manjano, iliyokuwamo ndani ya jani muda wote, huonekana; katika baadhi ya miti rangi nyekundu hutengenezwa upya. Kisha mti huziba mahali jani liliposhikamana na tawi, nalo huanguka. Mti hujihifadhi hivyo ili uweze kuvuka miezi ya theluji.

Mimea ya mbugani nayo hujiandaa kwa njia yake. Sehemu ya juu hukauka, na mbegu zilizokomaa hubaki kwenye vichwa vya maua. Wanaojitolea hupita katikati ya nyasi wakizikusanya kwa mkono. Kazi hiyo hudai uangalifu, kwa kuwa maua yakishanyauka kila kitu huwa na rangi ya udongo, na mvunaji hana budi kuutambua mmea kwa umbo la kichwa chake, kwa harufu yake au kwa namna shina lake lilivyosimama. Tena hawavuni kila kitu. Sehemu ya mbegu huachwa palepale kwa ajili ya ndege, panya na mbuga yenyewe.

Mbegu hukaushwa, hupukuchuliwa na kuchanganywa, kisha nyingi hurushwa kwenye ardhi iliyosafishwa kabla theluji haijatanda. Kwa mkulima wa nchi za joto, kupanda mwanzoni mwa baridi kali kungeonekana kuwa upotevu wa mbegu. Lakini mbegu nyingi za mbuga hizo haziwezi kuota mpaka zipitie majuma kadhaa ya baridi na unyevu. Hiyo ndiyo kinga yake. Kama ingeota mara tu inapoanguka, mche wake mchanga ungeuawa na barafu. Baridi ndefu huiarifu mbegu kwamba kipupwe kimepita na kwamba majira ya kuchipua yamewadia.

Kazi ya pili ni kufyeka. Mmoja wa maadui wakubwa wa bustani hiyo ni mti mdogo wenye miiba uitwao Rhamnus cathartica, ulioletwa kutoka Ulaya ili kupandwa kama ua wa nyumba. Ndege walizisambaza mbegu zake, nao ukaingia misituni na kuinyima mimea mingine mwanga. Majira haya huufichua: miti ya asili inapokuwa imekwisha kupukutisha majani, wenyewe hubaki wa kijani kwa majuma kadhaa zaidi. Hivyo hata mgeni asiyejua lolote kuhusu mimea anaweza kuonyeshwa mara moja na kujua ni upi wa kukatwa.

Kazi isiyohitaji cheti

Hiyo ndiyo sababu shughuli hizo zimekuwa za jamii nzima. Mwishoni mwa juma hukutana wanafunzi, wastaafu, wazazi na watoto wao, na kufanya kazi pamoja kwa saa chache wakiongozwa na watu wenye uzoefu. Hawalipwi, wala hawadaiwi cheti. Siku nyingine kuna matembezi ya kuongozwa, ambamo wageni hufundishwa kuhusu miti, ndege na historia ya ardhi. Kutembea bustanini hakuna kiingilio, na korongo wanaojiandaa kuhamia kusini huweza kuonekana wakijitafutia chakula.

Hata hivyo, mashaka hayajaisha. Jiji limeizunguka bustani pande zote, na barabara kuu inaikata. Maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye paa na lami huingia yakiwa na uchafu na mchanga, na kuyanufaisha majani ya kigeni yapendayo unyevu. Mwaka 2013 aina ya minyoo ya udongo yenye asili ya Asia iligunduliwa humo kwa mara ya kwanza katika jimbo hilo. Minyoo hiyo hula majani yaliyoanguka kwa kasi kubwa na kuuacha udongo ukiwa chengachenga kama machicha ya kahawa. Wakubwa hufa baridi ikifika, lakini mayai yake hustahimili theluji, tena husafiri katika udongo unaoganda kwenye viatu. Kwa hiyo wageni huombwa kusugua viatu vyao wanapoingia na wanapotoka. Ni tendo dogo, lakini hadi sasa hakuna dawa ya kuiangamiza minyoo hiyo ikishaenea.

Kinachohusu kanda yetu

Katika eneo la Maziwa Makuu, bustani ya miti ya Ruhande, iliyo jirani na chuo kikuu mjini Huye, kusini mwa Rwanda, nayo ilianzishwa katika miaka ya 1930. Madhumuni yake yalikuwa tofauti: huko ilitafutwa miti, hasa ya kigeni, iwezayo kutoa mbao na kuni kwa haraka. Madison walitafuta mimea ambayo ardhi yao ilikuwa imeipoteza. Leo, nchi za kanda hii zinapoulizana ni miti gani ya asili irudishwe kwenye vilima vilivyotawaliwa na mikaratusi, maswali ya bustani hizo mbili yamekaribiana: mbegu zitoke wapi, na nani atazitunza?

Jibu la Madison ni kwamba kupanda ni mwanzo tu. Kazi ya pamoja, kama umuganda unaofanyika nchini Rwanda Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, si jambo geni kwa wakazi wa kanda hii. Lakini mche uliopandwa na watu mia kwa siku moja hufa usipokuwa na wa kuurudia. Mbuga ya Curtis imekwisha kutunzwa kwa zaidi ya miaka 80, na bado haijafikia hatua ya kuachwa ijitegemee.

Mimea mingi inayotokana na mbegu za majira haya huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa maua. Mwanafunzi anayezirusha mbegu hizo mwezi Novemba huenda akawa amehitimu na kuhama mji kabla hajayaona. Watakaoyaona, na kuvuna mbegu zake, ni wengine.