Mazungumzo Baada ya Habari: Kompyuta Isiyowaka Ichunguzwe Kabla ya Kuhukumiwa



Askari mpelelezi anapofika mahali palipotokea tukio hawi na haraka ya kumtaja mhalifu. Kwanza huwazuia watu wasikanyage ushahidi, kisha hutazama, husikiliza na kuandika. Jioni ya leo tunazungumzia jambo linalodhaniwa kuwa la mafundi peke yao, lakini linalodai utaratibu huo huo wa upelelezi: kompyuta ya mpakato iliyokataa kuwaka.

Tuanzie Malawi. Katika wilaya ya Dowa, kilomita zisizofika 50 kaskazini ya Lilongwe, ipo kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Wakati wa utawala wa Rais Kamuzu Banda mahali hapo palikuwa gereza; tangu 1994 pamekuwa makazi ya waliokimbia vita, wengi wao kutoka Kongo, na wengine kutoka Burundi na Rwanda. Kambi iliyokusudiwa watu wasiozidi 12,000 imekuja kubeba zaidi ya 50,000, na Kiswahili husikika humo kila siku. Watu hao si wageni machoni pa majeshi yetu. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ulipounda brigedi maalumu ya kupambana na vikundi vya waasi Kongo, wanajeshi wa Tanzania, Malawi na Afrika Kusini walisimama pamoja katika nchi hiyo ambayo wakimbizi wengi wa Dzaleka waliiacha.

Mwaka 2010 Wajesuti walianzisha Dzaleka mpango wa elimu ya juu kwa njia ya mtandao. Kwa kijana asomaye hivyo, kompyuta ndiyo daftari, maktaba na darasa. Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyebakiwa na siku 3 kuwasilisha kazi yake. Anabonyeza kitufe, mashine kimya. Fundi yuko Lilongwe, na kwenda huko kunataka nauli na ruhusa, kwa kuwa Malawi huwataka wakimbizi wakae kambini. Mwaka 2023 serikali iliwaagiza hata waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka. Je, afunge safari, au kuna la kufanya papo hapo?

La kwanza ni kusoma dalili. Mashine isiyowaka huwa katika moja ya hali 3. Ya kwanza, hakuna taa wala sauti yoyote: hapo mtuhumiwa ni umeme. Ya pili, taa zinawaka na feni inazunguka, lakini kioo ni cheusi: hapo hushukiwa kioo au vibao vya kumbukumbu. Ya tatu, maandishi yanatokea kwenye kioo, kisha mashine inakwama au inasema haioni diski: hapo hushukiwa diski au programu zilizomo. Asiyetenganisha hali hizi atanunua betri wakati ugonjwa uko kwenye kioo.

Tukianza na umeme, uchunguzi huenda kutoka nje kuingia ndani. Soketi ijaribiwe kwa simu au taa. Waya wa chaja utazamwe palipokunjika. Maandishi ya chaja yasomwe: kwa chaja za kawaida zenye ncha ya duara, volti ziwe zile zile zilizoandikwa chini ya kompyuta, na ampea zisipungue. Kisha chaja ichomolewe, betri itolewe ikiwa inatoka, na kitufe cha kuwashia kishikiliwe kwa nusu dakika ili umeme uliobaki ndani uishe. Baada ya hapo chaja irudishwe, betri ikiwa bado nje, na mashine ijaribiwe. Mashine nyingi zilizodhaniwa zimekufa zimeamka kwa hatua hiyo isiyogharimu hata senti. Lakini betri iliyovimba isitobolewe wala kuchajiwa. Inaweza kulipuka moto.

Chaja na umeme hushukiwa mapema kwa sababu nzuri. Januari 2022 tufani iliyoitwa Ana iliharibu kituo cha Kapichira kwenye mto Shire, na Malawi ikapoteza karibu theluthi ya umeme wake. Panapokuwa na upungufu wa namna hiyo, umeme hukatika mara kwa mara, na unaporudi waweza kuja kwa kishindo kinachounguza vyombo. Kwa hiyo umeme ukikatika, chaja ichomolewe. Isirudishwe mpaka umeme utulie.

Ikiwa taa zinawaka na kioo ni cheusi, mulika kioo kwa tochi kutoka upande. Picha hafifu ikionekana, mashine ni nzima. Kilichozimika ni mwanga wa kioo. Njia nyingine ni kuiunganisha na televisheni kwa waya. Picha isipoonekana popote, na mashine ni ya aina inayofunguka, izimwe, betri itolewe, mkono uguse chuma ili kuondoa umeme wa mwilini, kisha vibao vya kumbukumbu vichomolewe na kurudishwa kimoja kimoja. Vumbi la kiangazi nalo ni adui: huziba feni, mashine ikapata joto na kujizima.

Tukifika kwenye diski, ndugu msikilizaji, tumefika penye jambo kubwa. Kwanza flashi zote zichomolewe, maana mashine huweza kukwama ikitafuta programu za kuwakia ndani ya flashi. Lakini diski ikitoa mlio wa kugongagonga, zima mara moja. Kila kuwasha tena huongeza madhara. Na fundi akishauri "kupiga windo", yaani kufuta na kuweka programu upya, aulizwe kwanza: je, kazi zilizomo zimenakiliwa? Diski nzima huweza kutolewa ndani ya mashine mbovu na kusomwa kwenye kompyuta nyingine. Mashine hununuliwa tena. Kazi ya miezi iliyofutwa hainunuliki.

Hapa ndipo somo linapomgusa askari moja kwa moja. Kompyuta ya kituo cha polisi au ya kikosi ina majina ya mashahidi, ratiba za doria na taarifa za watu. Kumpelekea fundi wa mtaani mashine hiyo ikiwa na diski ndani ni sawa na kumwachia jalada la kesi mezani. Ipelekwe kwa fundi wa kikosi. Ikilazimu kwenda nje, diski ibaki mikononi mwa mhusika. Diski iliyofungwa kwa siri hudai ufunguo; kwa kompyuta nyingi za Windows ni tarakimu 48, na zihifadhiwe mbali na mashine yenyewe. Na kompyuta iliyokamatwa kama ushahidi isijaribiwe kabisa: kama imezimwa ibaki imezimwa, iandikwe, ikabidhiwe kwa wataalamu. Kuiwasha tu hubadili yaliyomo.

Mwanafunzi wetu wa Dzaleka akifuata utaratibu huu, huenda akagundua kwamba ni chaja tu iliyoungua, akaazima ya jirani yenye volti zile zile, na kazi yake ikafika kwa wakati. Na hata ikibidi aende Lilongwe, atafika akijua ugonjwa uko wapi, diski yake imekwisha kunakiliwa, na hatalipia asichokihitaji.

Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Tuchunguze kutoka nje kwenda ndani, tubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, tuandike tulichokiona. Na kwa kompyuta ambayo leo bado inawaka, nakala ya kazi iwekwe mahali pengine usiku huu huu.