Tahajia ya Kiswahili Nyumbani: Mfano wa Kisumu
Shule za Kenya zilipofungwa Machi 2020, wazazi kadhaa wa Kisumu walilazimika kuwafundisha tahajia watoto wa umri mbalimbali kwenye meza moja. Je, orodha moja ya maneno yawafaa wote? La. Lugha ya Dholuo haina sauti "z" wala "sh". Mtoto aliyelelewa nayo aandikapo "soka" kwa "shoka", au "sisi" kwa "zizi", huandika kama asikiavyo. Kosa li sikioni, si mkononi. Basi mdogo na aanze kwa kusikiliza na kutamka "sa", "sha" na "za". Mkubwa apewe imla ya jozi hizo katika sentensi. Kukariri orodha, kunakosaidia katika Kiingereza, hakutibu sikio.