Nguruwe 'amefura': Uvimbe si mchochota

KATIKA maduka ya agroveti ya Amagoro, Malaba na Busia, si ajabu kumsikia mfugaji akisema: "Nguruwe wangu amefura miguu, nipe dawa ya kufura." Kauli hii inaeleweka, ila ina kasoro ya kimaana inayoweza kumgharimu zizi zima.

"Kufura" husikika sana katika mazungumzo. Vitabuni tunasoma "kuvimba". Nomino yake, "uvimbe", imebebeshwa mzigo mzito. Jipu ni uvimbe, saratani ni uvimbe, hata goti lililogongwa ni uvimbe. Ndiyo maana katika taaluma ya tiba hutumika neno "mchochota", kutokana na "chochota", yaani kuwasha kwa maumivu. Celsus, mwandishi wa Roma ya kale, alizitaja dalili zake nne miaka takribani 2,000 iliyopita: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Uvimbe basi ni sehemu tu ya mchochota.

Mchochota huanzaje? Tumchukue Erysipelothrix rhusiopathiae, bakteria anayewaletea nguruwe homa, mabaka mekundu yenye umbo la almasi na viungo vilivyofura. Juu ya ganda lake kumejaa protini. Kwake hizo ni zana za kazi: humsaidia kujibandika kwenye mwili wa mnyama.

Lakini ganda hilohilo humsaliti. Seli za kinga ziitwazo makrofaji zina vipokezi. Kimoja, TLR2, hutambua protini zilizounganishwa na mafuta kwa namna ambayo mwili wa nguruwe hautengenezi. Jina "kipokezi" lisitupotoshe; hakimkaribishi mgeni ndani. Kazi yake inafanana na ya afisa wa mpaka wa Malaba: husoma stakabadhi, na akiona ngeni, hupiga kengele.

Kengele hiyo hufika kwenye kiini cha seli, jeni zikaamka, seli ikamwaga kemikali ziitwazo saitokini. Mishipa ya damu hupanuka, hapo tunaona wekundu na kuhisi joto. Kuta zake huvuja maji, mnyama akafura. Neva nazo husisimka, akaumwa. Ujumbe ukifika ubongoni, homa hupanda.

Kwa hiyo bakteria huchokoza tu. Anayefura ni mwili unaojitetea. "Dawa ya kufura" moja haipo. Penisilini huua bakteria huyu, ilhali dawa ya mchochota hutuliza mwitikio wa mwili. Tena ugonjwa ukikaa, mabaki ya bakteria waliokufa yanaweza kuendelea kuchokoza kinga ndani ya viungo, na nguruwe akabaki akichechemea hata baada ya sindano.

Hatari kubwa iko kwingine. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo Montgomery aliieleza nchini Kenya mwaka wa 1921, pia huleta joto kali na wekundu wa ngozi. Hiyo husababishwa na virusi, na penisilini haivigusi. Anayedunga sindano kwa kubahatisha, kisha akauza nguruwe haraka sokoni, huenda anakipelekea kijiji jirani msiba.

Basi usimwambie daktari wa mifugo "amefura" ukanyamaza. Mweleze: ana joto? Ngozi ina rangi gani? Mabaka yana umbo gani? Ameanza lini? Wangapi wamekufa? Neno likiwa sahihi, tiba nayo hukaribia kuwa sahihi.