Video ikikwama njiani, uliza kwanza imekwamia wapi

HARUSI imepita salama, jamaa wa pande zote mbili wanaidai video yao, na kijana aliyepewa kazi ya kuihariri amekesha. Klipu zimepangwa, muziki umewekwa, majina yameandikwa. Limebaki jambo moja tu: tarakilishi iunganishe vipande vyote viwe faili moja, kazi ambayo mafundi huiita kurenda. Inafika asilimia 63, inakwama. Anaianza upya. Inakwama tena.

Wengi wakifika hapo huilaumu tarakilishi, wakaanza kutafuta pesa za kununua nyingine. Wanafunzi nao hupitwa na siku ya kuwasilisha kazi zao wakirudia jambo lile lile. Lakini daktari hampi mgonjwa dawa kabla ya kumuuliza anaumwa wapi. Hitilafu hii nayo ina pahali pake.

Basi hifadhi nakala ya mradi wako, chukua kalamu, uandike ni dakika na sekunde gani video ilikwama. Kisha ijaribu mara moja zaidi, ulinganishe.

Ikikwama pale pale

Hapo kasoro imo ndani ya video yenyewe. Huenda ni klipu iliyoharibika au pambo fulani ulilolitia. Kama huioni, renda nusu ya kwanza peke yake. Ikipita, kasoro imo katika nusu ya pili. Igawanye hiyo nayo. Video ya dakika 60 ikigawanywa hivyo mara 6, hubaki kipande kisichofika dakika moja. Ondoa mapambo ya hapo. Isiposaidia, inakili klipu hiyo upya kutoka kwa kadi ya kamera.

Zichunguze sana klipu za simu. Simu nyingi hurekodi kwa kasi inayopanda na kushuka, ilhali programu za kuhariri hupendelea kasi moja, kama picha 25 au 30 kwa sekunde. Klipu hizo huweza kufanya sauti iachane na midomo, na pengine zikaikwamisha kazi. HandBrake, programu isiyolipiwa, huzigeuza ziwe za kasi moja. Fanya hivyo kabla ya kuanza kuhariri.

Ikikwama faili inapofika gigabaiti 4

Hapa usiiguse video. Tazama diski unayoandikia. Diski au flashi iliyotayarishwa kwa mtindo wa FAT32 haipokei faili moja inayozidi gigabaiti 4, hata ikiwa tupu. Video ya megabiti 50 kwa sekunde hufikia kiwango hicho kwa dakika 11 hivi. Tumia mtindo wa exFAT, lakini kumbuka kwamba kuibadilisha diski hufuta kila kilichomo. Nafasi nayo ihesabiwe mapema: saa moja ya video kama hiyo hula gigabaiti 22.5.

Ikikwama huku na huku

Ikiwa leo ni dakika ya 12 na kesho ni ya 40, ishuku mashine. Tarakilishi iliyowekwa juu ya kitanda hukosa hewa na kupata joto jingi. Iweke juu ya meza, funga programu nyingine zote, na uizuie isijizime yenyewe ikiachwa. Ikiendelea kukwama, iamuru programu irende bila kutumia kadi ya michoro. Itachukua muda mrefu zaidi, lakini ikimaliza, utakuwa umejua kwamba kadi hiyo, au programu inayoiendesha, ndiyo yenye taabu.

Na kwa kuwa stima hupotea bila kubisha hodi, renda vipande vya dakika 10, kisha uviunganishe. Ikizimika, utapoteza kipande kimoja, si usiku mzima.

Zaidi ya yote, usifute kadi ya kamera mpaka wenyewe wapokee video yao na kuitazama hadi mwisho. Kurenda kunaweza kurudiwa mara kumi. Harusi hairudiwi.