Risasi na Nyama ya Halali

Mwislamu amlengaye nyati ana mambo mawili ya kuyachunga: mnyama asiteseke, na nyama isiwe kibudu. Yote mawili yategemea jinsi risasi inavyopenya.

Kurani Tukufu, Sura ya 5 aya ya 3, imeharimisha mnyama aliyekufa kwa kupigwa. Naye Mtume (s.a.w.) alimfundisha Adiyy bin Hatim kuwa mnyama aliyetobolewa na silaha huliwa, bali aliyeuawa kwa ubapa wake haliwi. Bunduki zilipoenea, wanavyuoni wakahitilafiana. Ibn Abidin wa Damascus alikataza, kwani aliona risasi huua kwa kuunguza na kwa nguvu za kishindo, wala haina makali. Shawkani wa Yemen alihalalisha, kwani hutoboa, ikaingia huku na kutokea kule.

Na tuzitazame risasi zenyewe. Ya ncha laini hupanuka mwilini. Jeraha huwa kubwa, lakini yaweza kukwama katika mfupa wa bega. Iliyovikwa madini magumu pande zote haipanuki, nayo huenda mbali zaidi. Tena, kwa unene ule ule, iliyo ndefu na nzito hupenya kuliko nyepesi. Ndiyo sababu bunduki ya 375, iliyotokea mwaka 1912, yenye risasi ya gramu 19 hivi, husifiwa kwa nyati.

Basi mwindaji mwenye kibali na apige bismillahi kabla ya kufyatua, na akimkuta mnyama yu hai amchinje upesi. Hapo hitilafu ya risasi huondoka.