Nyaraka za Maombi ya Chuo: Wajibu wa Kuanza Mapema



Wapendwa waamini, kila mwaka vijana wetu wanapomaliza mitihani ya kidato cha sita mwezi Mei, ofisi za parokia hupokea wageni wengi wenye bahasha mikononi. Mmoja anahitaji cheti cha ubatizo, mwingine barua ya utambulisho, mwingine mtu wa kumdhamini katika fomu ya mkopo wa elimu ya juu. Wengi wao hufika katika juma la mwisho, dirisha la maombi likikaribia kufungwa.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja mjane alikuja kuomba cheti cha ubatizo cha binti yake. Binti hakuwahi kusajiliwa alipozaliwa, na cheti hicho kingekuwa mojawapo ya vielelezo vya kumwombea cheti cha kuzaliwa. Siku hiyo nilikuwa nikiondoka kwenda vigangoni. Nikaliacha ombi lake mezani, nikalirudia baada ya siku tisa. Mama alikuwa amechelewa kuja, nami nikachelewa kumhudumia. Binti alipata nafasi chuoni, lakini mkopo aliukosa, akakaa nyumbani mwaka mzima. Nilimwomba mama yule msamaha. Tangu hapo kila ombi linaloingia ofisini huandikwa tarehe ya kupokelewa.

Tukio hilo lilinifundisha kwamba maombi ya chuo na mkopo si kazi ya mwombaji peke yake. Hupita mikononi mwa watu wengi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, hupokea maombi kwa njia ya mtandao. Hata hivyo, fomu hupaswa kuchapishwa, ikasainiwa na mwombaji, mdhamini, kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, pamoja na hakimu au kamishna wa viapo, kisha ikarudishwa mtandaoni. Cheti cha kuzaliwa, na cheti cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, huhakikiwa kwanza na RITA, au na mamlaka ya usajili ya Zanzibar kwa waliozaliwa huko. Kila mmoja wa hao ana foleni yake, safari zake na siku zake za kuugua. Anayemfikia mwenyekiti wa kijiji siku ya mwisho humwomba abebe mzigo wa uzembe usio wake.

Basi, tufanye nini? Kwanza, tusingoje matokeo ya mtihani, ambayo kwa kawaida hutoka mwezi Julai. Cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA vyaweza kushughulikiwa kijana akiwa bado shuleni.

Pili, tulinganishe majina. Mtoto huweza kuitwa kwa jina la babu katika cheti cha kuzaliwa na kwa jina la baba katika cheti cha kidato cha nne. Tofauti hiyo huhitaji hati ya kisheria, nayo haipatikani kwa siku moja.

Tatu, mzazi au mlezi awe na nakala za nyaraka zote. Vijana wengi huitwa kambini JKT mara baada ya mitihani, na huko si rahisi kufuatilia karatasi.

Nne, tusome mwongozo wa mwaka husika, kwa maana masharti na tarehe huweza kubadilika. Jirani aliyeomba mwaka juzi ni msaada mzuri, lakini si mwongozo.

Kuna jambo moja ninalopaswa kulisema kwa upendo. Wapo wanaomwomba padre abadili jina au tarehe ya kuzaliwa katika cheti cha ubatizo ili kilingane na nyaraka nyingine. Padre hana ruhusa hiyo. Cheti hutoa ushuhuda wa yale yaliyomo katika daftari la ubatizo, nasi hatuwezi kumfungulia kijana mlango wa maisha kwa ushuhuda wa uongo.

Kwa upande wetu, Kanuni ya 877 ya Sheria za Kanisa humtaka paroko aandike ubatizo kwa uangalifu na bila kukawia. Nikiuzingatia wajibu huo, naona kwamba uaminifu katika karatasi ni sehemu ya uchungaji. Nanyi wazazi, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo la mwaka 1965, uliwakumbusha kwamba ninyi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wenu. Malezi hayo hayaishii katika kulipa ada.

Naziomba jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ziulize katika sala za juma hili: katika nyumba zetu, ni nani yuko kidato cha tano au cha sita, na ni cheti gani hana? Mahali palipo na mjane, yatima au mzazi asiyejua kusoma, jumuiya imteue mtu wa kumsindikiza. Wanawali wenye busara walibeba mafuta kabla ya usiku kuingia. Nasi tuwabebee watoto wetu mafuta yao mlango ukiwa bado wazi.